Muulize Fundi: Maandishi ninayo, faili silioni

SWALI: Fundi, shikamoo. Tangu mwezi uliopita naandika kumbukumbu za vikao vya kikundi chetu kwenye Notepad++. Kila nikiwasha kompyuta nazikuta zote, hata herufi haijapungua. Sasa katibu mpya anazitaka kwenye flashi. Nimepekua Documents, Desktop na Downloads mpaka macho yananiuma. Nimetafuta hata kwa jina, "new 3", wapi! Zimehifadhiwa wapi?
Mweka Kumbukumbu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huzioni kwa sababu hujazihifadhi. "new 3" ni jina la muda tu, programu imekibandika kichupo (tab, kile kibao kidogo juu ya maandishi yako) ambacho hujakipa jina. Tazama kidisketi kilicho juu ya kichupo: chekundu maana yake bado, cha buluu maana yake tayari. Chako, naapa, ni chekundu tangu mwezi uliopita.

Kinachokurudishia maandishi ni nakala ya akiba. Notepad++ huichukua yenyewe kila sekunde 7, kama hujagusa mipangilio, na kuitia kwenye folda iliyofichwa. Ukitaka kuiona, bonyeza Windows+R, andika %AppData%\Notepad++\backup, kisha Enter. Utakuta majina marefu, "new 3@" na tarehe na saa mbele yake. Angalia tu, usifute kitu humo.

Kwa katibu wako fanya hivi. Fungua kichupo, bonyeza Ctrl+S, na kabla ya kuandika jina soma kwanza juu ya kidirisha: folda inayoonekana pale ndiko faili linakokwenda. Wengi hukimbilia jina, wakapiga Enter, kisha wananiandikia mimi. Chagua folda unayoijua, liite kikao-machi.txt au vyovyote. Kuanzia hapo njia nzima ya faili, toka C: hadi jina, itasomeka juu kabisa ya dirisha. Rudia kwa kila kichupo chekundu.

Ila kabla hujamaliza, usifunge kichupo hata kimoja. Programu itakuuliza kama ihifadhi. Ukijibu hapana, na ile akiba inafutwa. Mimi nilijibu hapana usiku mmoja, usingizi umenilemea, nikidhani kichupo ni kitupu. Kumbe ni hotuba ya harusi ya mdogo wangu. Kesho yake nilisimama mbele ya wageni na mistari miwili kichwani, na wa kwanza ulikuwa salamu.