Kasuku wa zaidi ya miaka 100, ile rangi ni ya kweli?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi na kaka yangu hapa Ilula tumebishana mpaka tumenuniana. Tumeona kwenye simu kipande cha sinema ya kizamani sana, kuna watoto wamekaa mezani na bakuli la samaki, halafu kuna kasuku ana rangi kali hatari, wameandika 1902. Kaka anasema haiwezekani, kompyuta ndo imepaka juzijuzi. Na kipande kingine watu wakitembea pembeni yao kunatokea wekundu na kijani, kwa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako namwelewa ila hapo hapana, ile rangi ilinaswa siku ileile watoto walipokaa pale mezani, na wale ni watoto wa mwenyewe aliyepiga, Mwingereza Edward Turner.

Sasa wewe uko Ilula, chukua tenga la nyanya. Ukizipiga picha ya nyeusi na nyeupe kupitia kioo chekundu, nyanya zinatoka nyeupenyeupe, ukipitishia kioo cha kijani zinatoka nyeusi, cha bluu nyeusi vilevile. Kwa hiyo ukiziweka hizo picha tatu pamoja, kila moja ukaimulika kwa rangi ya kioo chake, wekundu wa nyanya unarudi wenyewe bila mtu kushika brashi! Ndo alichofanya Turner, kamera yake ilikuwa na duara la vioo vitatu linazunguka, nyekundu, kijani, bluu, na mkanda wenyewe ukiushika mkononi ni mweusi na mweupe tu. Hati ya uvumbuzi alipata 1899. Kilichomshinda ni projekta, picha tatu zilikuwa hazikai sawasawa juu ya nyingine, zinacheza. Akafariki 1903 ana miaka 29 tu, hajaiona kazi yake ikitulia kwenye kitambaa, na hili huwa linaniuma kila nikimwangalia yule kasuku. Mwaka 2012 makumbusho ya Bradford kule Uingereza ndo wakaonesha ile mikanda, kompyuta ikazipanga zile picha zikakaa sawa. Kazi ya kompyuta ilikuwa hiyo ya kupanga.

Ila za kupakwa kwa mkono nazo zipo kweli, tena nyingi. Pale Paris mama mmoja Elisabeth Thuillier alikuwa na karakana ya wanawake kama 200, kila mmoja na rangi yake moja, brashi nyembamba, kapicha kenyewe hakafiki hata upana wa vidole viwili, na dakika moja ya sinema ni picha kama 960 hivi. Hebu fikiria macho yao jioni.

Hiyo ya pili, ya wekundu na kijani pembeni, kwa maelezo yako naona ni Kinemacolor, aina ya zamani ya sinema ya rangi. Turner alipofariki kazi ikapewa George Albert Smith wa kule Brighton, yeye akaitupa bluu akabaki na nyekundu na kijani, akaonesha watu 1908. Kamera ilipiga picha 32 kwa sekunde, moja nyekundu, inayofuata kijani, sasa mtu akitembea, ile ya kijani inamkuta keshasogea kidogo, hazilingani, ndo hayo unayoyaona pembeni. Mwangalie aliyesimama tuli, hana. Na usitafute kanga ya bluu humo, bluu yake haikai vizuri kabisa.