Maswali ya Bustani: Taa ya Kuoteshea Mimea Ndani ya Nyumba

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu. Ninaishi Pipeline, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jengo la jirani, kiasi kwamba hatuna budi kuwasha taa hata saa sita mchana. Ningependa kuotesha mimea yangu ya kwanza humo ndani, mrehani mmoja na mpilipili mmoja, kisha nikifaulu niongeze mingine. Nimeona mtandaoni taa za zambarau zilizoandikwa wati 1,000 ambazo bei yake ni maelfu ya shilingi, na nyingine ndogo za kubana ukingoni mwa meza, zenye shingo za kupinda, zinazochomekwa kwenye chaja ya simu. Muuzaji mmoja amenieleza kwamba balbu ya kawaida haiwezi kukuza mmea wowote. Je, ni taa ipi ya bei nafuu itakayonifaa, na itanila tokeni kiasi gani?

Msomaji wa Pipeline, Embakasi

JIBU: Ndugu msomaji, huyo muuzaji amekupotosha, na huenda naye amepotoshwa na waliomuuzia bidhaa. Ndani ya balbu nyeupe ya LED mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa kijani, wa manjano na mwekundu. Rangi zote ambazo jani huzitumia kujitengenezea chakula, yaani zile zenye mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700, zimo ndani ya balbu unayoweza kuinunua Luthuli Avenue kwa mia chache za shilingi. Kipande hicho cha buluu ndicho kilichowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, kwa hiyo tusiidharau balbu kwa kuwa tu inauzwa karibu na betri za redio.

Zambarau ilitokana na imani kwamba mmea hutumia mwanga mwekundu na wa buluu pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Keith McCree alipima majani ya mimea mingi ya mashambani na kuonyesha kwamba mwanga wa kijani nao hutumika vizuri, tofauti na dhana iliyokuwa imeenea. Taa ya zambarau hukuza mmea, sikatai, lakini chini yake huwezi kuona jani linapoanza kuwa la manjano wala wadudu wanapojificha upande wa chini, na katika chumba kimoja ambamo unapika, unakula na kulala, mwanga wa namna hiyo utakuchosha macho kabla ya wiki kwisha.

Kuhusu zile wati 1,000, hilo ni jina la biashara kuliko kipimo. Uliza wati zinazotumika hasa kutoka kwenye soketi, au soma kibandiko kidogo kilicho nyuma ya taa. Kikisema ampea 0.4 kwa volti 240, basi taa hiyo haivuki wati 100, hata kama sanduku limeandikwa elfu kwa wino wa dhahabu. Zile za kubana mezani zina kasoro ileile kwa kiwango kidogo: chaja ya volti 5 inayotoa ampea 2 haina zaidi ya wati 10 za kugawa, kwa hiyo taa ya aina hiyo inayodai wati 80 inadai jambo lisilowezekana. Angalia pia volti. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani pekee, yenye volti 110 hadi 120, itaungua mara tu utakapoichomeka kwenye soketi yako ya volti 240.

Kuna sababu nyingine inayofanya ushauri wa mtandaoni ukuelekeze kwenye taa kubwa na za bei ghali. Sehemu ya ushauri huo imeandikwa na wakuzaji wa bhangi katika nchi kama Kanada, ambako tangu mwaka 2018 sheria ya taifa inaruhusu hadi mimea minne kwa kaya, na mmea huo unapotoa maua huhitaji mwanga mkali mara kadhaa kuliko mrehani. Nchini Kenya kuupanda ni kosa chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994, na ukurasa huu haushauri juu yake. Ninautaja kwa sababu tu vipimo vyake vimehamishwa vikabandikwa kwenye kila taa inayouzwa, na mtu anayetaka majani ya kutia kwenye mchuzi analipia nguvu asiyoihitaji.

Sasa tuje kwenye kiasi. Pakua katika simu yako programu ya kupima luksi, yaani kiasi cha mwanga unaoangukia mahali, ilaze simu mahali mmea utakapokaa, kioo kikitazama juu, na usome. Kipimo cha simu si cha maabara, ila kinatosha kwa kazi hii. Jua la mchana wa Nairobi lisilo na wingu hufika luksi 100,000 hivi. Chumba kama chako kinaweza kuwa na mia chache tu, ijapokuwa jicho, ambalo hujirekebisha lenyewe, litakudanganya kwamba kuna mwanga wa kutosha. Mrehani utafurahi ukipata luksi 12,000 hadi 15,000 za mwanga mweupe kwa saa 15 au 16 kila siku. Mpilipili hauna shida ukiwa mchanga, lakini ukitaka uzae, upe luksi 20,000 hadi 30,000 kwa muda huohuo.

Kwa mrehani, nunua balbu moja ya LED ya wati 15, nyeupe, ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 6,500, uifunge ndani ya kifuniko kinachorudisha mwanga chini, uining'inize sentimita 15 juu ya majani. Umbali ndio unaoamua mambo hapa kuliko bei: kwa taa ndogo, ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaolifikia jani huongezeka karibu mara nne, na ndiyo maana balbu hiyohiyo ikiwa darini haiusaidii mmea chochote. Mmea ukirefuka na kuwa mwembamba, shusha taa. Majani ya juu yakipauka au kujikunja, ipandishe kidogo. Zungushia chungu cha mmea karatasi nyeupe au ya kung'aa ili mwanga unaopita pembeni urudi. Kwa mpilipili utakaozaa, tafuta taa bapa ya LED ya wati 30, ya aina ile inayofungwa nje ya jengo kumulika lango, uiweke sentimita 20 hadi 25 juu ya mmea. Nyingi huuzwa bila plagi, kwa hiyo mpe fundi wa stima aifunge pamoja na waya wa ardhi, kwa maana maji ya kunyweshea na chuma chenye umeme havikai pamoja kwa usalama.

Tokeni ndizo zinazostahili kukufanya ufikiri. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, hivyo wati 15 kwa saa 15 ni uniti 0.225 kwa siku, yaani uniti 6.75 kwa mwezi wa siku 30. Tukikadiria shilingi 30 kwa uniti, hizo ni kama shilingi 200, nawe utachuma majani ya mrehani wiki baada ya wiki. Taa ya wati 30 kwa hesabu hiyohiyo ni uniti 13.5, zaidi ya shilingi 400 kila mwezi, na mpilipili utakula tokeni hizo kwa miezi kadhaa kabla ya kukupa pilipili ambazo mama mboga wa chini ya ghorofa angekuuzia kwa sarafu. Kama ploti yenu inatumia submita na mwenye nyumba anatoza bei yake mwenyewe, fanya hesabu upya kwa bei hiyo. Maoni yangu ni kwamba uanze na mrehani peke yake, na mpilipili uupande ikiwa unautaka kwa ajili ya kuutazama na kujifunza, jambo ambalo nalo lina thamani yake.

Nunua pia swichi ya saa, ili taa ijiwashe saa kumi na mbili asubuhi na kujizima saa tatu usiku. Usiiache ikiwaka usiku kucha kwa kudhani unauharakisha mmea. Mimea mingine, nyanya ikiwa mfano unaojulikana sana, hudhurika majani ikikosa giza kabisa. Stima ikipotea jioni moja, usihangaike, maana mmea huvumilia siku ya mawingu.

SWALI: Nina miche ya nyanya kwenye roshani yangu, Githurai. Mwezi huu wa Julai imerefuka na kulegea. Je, ninunue taa?

JIBU: Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kinachopungua kati ya Juni na Agosti ni ukali wa mwanga, kwa sababu ya mawingu, na paa la roshani linapunguza uliobaki. Kabla ya kununua chochote, sogeza miche hadi ukingoni. Kama bado hairidhishi, balbu nyeupe iliyo karibu nayo kwa saa nne au tano za jioni itaisaidia kwa gharama ndogo. Iliyokwisha kurefuka usiitupe: unapoihamisha, fukia shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la nyanya huota mizizi likifunikwa na udongo.

SWALI: Ofisini tumeondoa taa ndefu za mirija za zamani, zile zinazopepesa kabla ya kuwaka. Je, zinaweza kuoteshea miche?

JIBU: Zinaweza, mradi ziwe zinawaka bila kupepesa mfululizo na ncha zake hazijawa nyeusi. Ziweke sentimita 10 juu ya miche, mbili kwa pamoja. Fahamu tu kwamba ndani yake mna zebaki: mrija ukivunjika, fungua madirisha, ondoa watoto, na uokote vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mkono wala kwa ufagio. Zikiisha nguvu, usitafute nyingine za aina hiyo. Nunua za LED.