Maswali na majibu: Fuwele zinapoibana magma

Mwalimu alitufundisha kwamba mnato (ugumu wa kutiririka) wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, unategemea silika (kampaundi ya silikoni na oksijeni) na joto. Fuwele zinaingiaje hapo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbeya)

Mwalimu wako yuko sahihi, ila hapo alizungumzia kimiminika peke yake. Magma nyingi hupanda ikiwa na kimiminika, mapovu ya gesi na fuwele, yaani chembe za madini zilizokwisha kuganda. Simama karibu na mafundi wanaochanganya zege. Kokoto zikiwa chache, zege linamiminika lenyewe kutoka kwenye toroli. Zikizidi, fundi analikwangua kwa koleo, na saruji ni ileile.

Wengi hutumia mfano wa uji na ugali. Mimi siupendi: unga hunywa maji na kuvimba, fuwele hazinywi chochote. Zinagongana na kuzibiana njia. Tena zikiota huchukua kwanza madini yenye silika kidogo, hivyo kimiminika kinachobaki huzidi kuwa na silika na kuwa kigumu zaidi kutiririka. Mnato wa magma unaongezeka kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Fuwele zikiongezeka maradufu, mnato nao huongezeka maradufu?

Hapana, na hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Mwaka 1906 Albert Einstein alionyesha kwamba chembe chache za mviringo hupandisha mnato taratibu; kwa hesabu aliyoisahihisha 1911, asilimia 1 ya chembe, mnato juu asilimia 2.5. Chembe zikianza kusongamana, hesabu hiyo haitoshi tena. Kwa kanuni inayotumika sana kwa magma, fuwele zikiwa asilimia 20 mnato ni kama mara 2 ya kimiminika kitupu. Asilimia 40, mara 7. Asilimia 50, zaidi ya mara 16. Zikikaribia 60 zinashikana, na magma inakuwa karibu jiwe. Zikiwa bapa au ndefu kama sindano, hukwama mapema zaidi.

Kabla ya kufika huko magma huanza kukaidi kama dawa ya meno: usipominya kwa nguvu ya kutosha, haitoki. Mlima St. Helens wa Marekani, kati ya 2004 na 2008, ulikuwa ukisukuma nje mwamba ulioganda karibu wote.

Lava ya 2002 ilipoingia mjini kwetu, watu waliweza kutembea mbele yake. Wazee wanasema ya 1977 ilikimbia kuliko gari. Si volkano ileile? (Goma)

Ni ileile, Nyiragongo, na poleni kwa yote mliyopitia. Silika yake haifiki asilimia 40, kwa hiyo kimiminika chenyewe ni chepesi mno. Januari 10, 1977 ziwa la lava lililokuwa juu kreterini lilikauka kwa muda usiofika saa moja, likashuka mteremko mkali likiwa bado na moto wake. Mjini mteremko ni mdogo. Lava inayokawia njiani inapoa, inaotesha fuwele ndogondogo, inazidi kupunguza mwendo. Mteremko na joto ndivyo vilivyotangulia, fuwele zilifuata.

Ni kweli kuna fuwele yenye jina la Mwalimu Nyerere?

Kweli kabisa! Inaitwa nyerereiti, kabonati ya sodiamu na kalsiamu, nayo imo katika lava ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, pamoja na gregoriti, kabonati nyingine. Lava hiyo ina joto la nyuzi kati ya 500 na 600 tu, na haina silika ya kutajika. Ikiwa na fuwele chache hutiririka kama mafuta, nyeusi, kisha hugeuka nyeupe baada ya siku chache. Zikijaa fuwele na mapovu, mnato hupanda mara kumi na zaidi, nayo inajikokota.

Nilipopanda Kibo niliona mawe yenye madoa meupe ya pembe nne. Ni nini?

Ni fuwele za madini yaitwayo felspa. Ziliota chini, taratibu, kabla lava haijatoka. Ukipanda tena, tafuta jiwe ambalo madoa yake yamelala kwa mpangilio mmoja: lava ilikuwa ikitiririka kwa kufuata mlalo huo.