Muulize Bi Mhandisi: Miaka minne imeisha, jina halimo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za uhandisi, labda kwa sababu vyuo vimebandika matokeo. Nimezifupisha na majina nimeyaficha. Wanaouliza kama bado nafundisha: nimestaafu, nipo Chumbageni, Tanga, na barua nazisoma mwenyewe.

Asalaam aleikum Bi Mhandisi. Mimi ni mzazi, nakaa Makorora. Kijana wangu alikuwa anasoma uhandisi wa mitambo Dar es Salaam na miaka yake minne imeisha. Ndugu nimeshawatangazia, na Coaster ya kutupeleka mahafali nimeshailipia arubuni. Sasa orodha ya wahitimu imetoka, jina lake halimo. Nikimuuliza ananijibu "mfumo, baba, mfumo". Karatasi ya matokeo nimeikagua mwenyewe, hakuna somo alilofeli. Naambatanisha picha zake. Je, mwanangu kaonewa? Na hili gari nilifanyeje?

Waalaikum salaam kaka yangu. Picha nimezikuza hadi macho yakauma. Hajaonewa, na ni kweli hajafeli.

Fungua ukurasa wa mwaka wa pili. Shuka mpaka mstari wa mwisho, chini ya masomo ya semista ya pili. Pameandikwa mafunzo kwa vitendo, krediti 10, na kwenye safu ya gredi kuna herufi moja nyembamba: I. Wewe ulikuwa unatafuta D na E, ndiyo maana jicho lako lilipita. Hiyo I maana yake kazi haijakamilika. Haihesabiwi kufeli, lakini krediti zake hazihesabiki pia.

Sasa nenda chini kabisa, kwenye jumla. Pameandikwa 470. Shahada ya miaka minne nchini kwetu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inadai krediti zisizopungua 480, yaani 120 kila mwaka. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha kipindi, maabara, karakana na kujisomea usiku. Kijana wako amepungukiwa na krediti 10, na ni hizo hizo za kwenye mstari uliouruka. Kompyuta ya chuo haikutazama ana akili kiasi gani. Ilijumlisha, ikaona hazitoshi, ikamwacha.

Wazazi wengi hudhani PT, yaani hayo mafunzo kwa vitendo, ni likizo yenye kibarua. Kwenye uhandisi PT ni somo. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, wanafunzi wa uhandisi huenda mara tatu, baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, wiki nane kila safari. Mwanafunzi anajaza logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi, kila siku, anachora kila wiki, msimamizi wa kazini anasaini, mhadhiri anakuja kumkagua, na mwisho anaandika ripoti na kuiwasilisha. Kikikosekana kimoja, gredi haitoki. Nilipokuwa nafundisha, kila msimu wa mahafali nilikuwa na vijana mlangoni wenye tatizo hili hili, na mara nyingi walikuwa wazuri darasani. Mtu anapata A ya thamodinamiki halafu ripoti ya kurasa thelathini inamshinda kuipeleka ofisi ya jirani.

Kwa hiyo mkalishe kijana, bila kelele, umuulize jambo moja tu: PT ya mwaka wa pili ulikwenda au hukwenda? Kama alikwenda na logibuku ipo imesainiwa, hilo ni jambo la kumaliza. Aandike barua kwa mratibu wa PT wa idara yake kupitia kwa mkuu wa idara, aambatanishe logibuku na ripoti, aombe isahihishwe. Nakala ibaki kwake ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Asipige simu, simu haina tarehe. Kama hakwenda, itabidi azifanye wiki zake msimu ujao, na mahafali yatakuwa ya mwakani. Hapo hakuna mkato, na yeyote atakayekwambia upo mkato anataka hela yako.

Wewe usiende chuoni. Watakupa kiti na watakusikiliza kwa heshima, lakini matokeo ni ya mwanafunzi na watayazungumza na mwanafunzi. Ongea na mwenye Coaster asogeze tarehe. Arubuni ya Tanga unaijua, hairudi.

Shikamoo Bi Mhandisi. Niko uhandisi ujenzi, nyumbani Pongwe. Semista hii nimepata hesabu D, mekaniki C, vifaa vya ujenzi C, michoro B, karakana B+, stadi za mawasiliano B. Nikipiga wastani napata 2.5, lakini chuo kimeniandikia 2.3. Wamenikata pointi. Halafu wenzangu wa chumbani wananiambia kwa hiyo D nitadisko, yaani nitaondolewa chuo. Silali.

Marahaba mwanangu. Leo ulale.

Gredi zinageuzwa pointi hivi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Wewe umejumlisha 1, 2, 2, 3, 4 na 3, ukapata 15, ukagawa kwa masomo sita. Hapo ndipo mlipopishana na chuo. Ukienda soko la samaki la Deep Sea ukanunua kilo tatu za changu na nusu kilo ya kamba, huchukui bei mbili ukazigawa kwa mbili ukasema ndiyo bei ya kilo. Unaangalia kila kimoja kimepimwa kiasi gani. Krediti ndiyo mizani.

Kwenye karatasi uliyonitumia, hesabu, mekaniki na vifaa vya ujenzi vina krediti 12 kila kimoja. Michoro, karakana na mawasiliano vina 8 kila kimoja. Jumla 60. Zidisha: hesabu 12, mekaniki 24, vifaa 24, michoro 24, karakana 32, mawasiliano 24. Jumla 140. Gawa kwa 60 unapata 2.33, na chuo kimeandika 2.3. Hawajakukata kitu. Masomo uliyofanya vizuri ndiyo mepesi kwenye mizani, na mazito ndiyo yaliyokulemea.

Na hapa nina neno. Angalia kanuni za chuo chako kuhusu desimali, kwa sababu vipo vinavyokata baada ya tarakimu moja bila kupandisha. Hapo 2.69 inaandikwa 2.6. Mimi naona ni ukatili mdogo, lakini umeandikwa na unajulikana, kwa hiyo huwezi kuulalamikia siku ya mwisho. Daraja la pili la chini linaanza 2.7, na 2.7 ndiyo wanayoidai ukitaka kusoma shahada ya uzamili. La pili la juu ni 3.5, la kwanza ni 4.4. Kutoka 2.0 hadi 2.6 ni pasi.

Sasa hiyo D. Alama ya kufaulu ni C, kuanzia 40. D ni 35 hadi 39, umekosa padogo. Kinachofuata ni sapu, mtihani wa marudio, na sapu si disko. Ukifaulu sapu unaandikiwa C hata ukipata 90, usitegemee zaidi. Lakini fanya hesabu: hesabu ikiwa C inaleta 24 badala ya 12, jumla inakuwa 152, ukigawa kwa 60 unapata 2.53. Ile 2.5 yako unayoililia utaipata kwa njia nyingine.

Kudisko kunakuja GPA, yaani huo wastani wa pointi, ya mwaka ikishuka chini ya kiwango cha chuo, au ukishindwa tena baada ya marudio kwa namna kanuni zenu zinavyosema. Wewe uko 2.3. Hao wenzako wa chumbani wamesoma kanuni au wamesikia kwenye foleni ya wali?

Ninachokiogopa zaidi ni kitu ambacho hukukiuliza. Hesabu za mwanzo ni somo tangulizi. Usipozivuka, baadhi ya masomo ya mbele hutaruhusiwa kuyasajili, na kila somo unalolisogeza linasukuma mengine, mpaka mwaka wa nne unageuka wa tano. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao unahesabu miaka. Kwa hiyo wiki hizi kabla ya sapu, michoro weka kando, stadi za mawasiliano weka kando. Chukua mitihani ya nyuma ya somo hilo, ifanye kwa saa ukutani na kitabu kimefungwa, kisha mpelekee mwalimu wa semina swali lililokushinda. Mpelekee karatasi uliyoandika ukakwama, usimpelekee "sielewi".

Bi Mhandisi, mimi ni binti wa Korogwe, nimemaliza kidato cha sita PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), nimefaulu vizuri. Nataka uhandisi ujenzi. Nimeambiwa siwezi. Kweli?

Kwa mlango wa moja kwa moja, kweli. Uhandisi ujenzi unataka ufaulu wa Fizikia na Hesabu za juu kidato cha sita, na PCB wana Fizikia lakini hesabu zao ni zile za msingi, BAM, ambazo hazihesabiki kama somo kuu. Ningekuwa waziri ningewaambia mabinti hili kidato cha nne, kabla hawajachagua tahasusi, maana wengi huchagua PCB kwa ajili ya udaktari halafu moyo unageuka.

Mlango wa pili uko wazi. Cheti chako cha kidato cha nne kikiwa na Hesabu, Fizikia na Kemia, omba stashahada ya ujenzi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Ni miaka mitatu. Ukitoka na GPA ya 3.0 au zaidi unaomba shahada. Njia ni ndefu, sikufichi. Ila nimefundisha waliopitia huko, na kwenye karakana na upimaji waliwaacha mbali wa kidato cha sita.

Shemeji yangu kahitimu mwaka huu na kadi ya harusi ameandikisha "Injinia". Ni halali?

Kadi ya harusi hakuna atakayeikamata. Kazini ni jambo jingine. Shahada inakufanya mhitimu wa uhandisi. Anayekufanya mhandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa Sheria ya mwaka 1997. Shemeji ajisajili kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya mhandisi mtaalamu. Upo mpango wa SEAP wa miaka mitatu kwa ajili hiyo, na ulianza mwaka 2003. Akimaliza anaandika ripoti, anahojiwa, ndipo anasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Kabla ya hapo asisaini mchoro wa ghorofa la mtu. Harusi njema.

Shikamoo Bi. Naingia PT ya kwanza, uhandisi wa mitambo. Mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea Ngamiani, yuko tayari kunipokea. Wenzangu wananicheka, wao wanaomba bandarini na kiwanda cha saruji. Nifanyeje?

Marahaba. Wanaokucheka wengine watakaa wiki nane wakitoa fotokopi na kupeleka mafaili. Nimeyaona hayo kwenye ofisi moja kubwa sitaitaja: kijana wa mitambo, wiki ya tano, hajagusa spana.

PT ya kwanza kawaida ni ya kushika kazi kama fundi. Ya pili unapanda, ya tatu ndiyo unakaa karibu na mhandisi na kuona maamuzi yanavyofanywa. Kwa hiyo kuchomelea si aibu, ndiyo mahali pake. Swali ni kama chuo kitaikubali karakana. Muulize mratibu kabla ya kuripoti: msimamizi awe na sifa gani, karakana iwe na usajili gani. Wakikataa, omba kwingine mapema, maana nafasi za Tanga huisha haraka.

Wakikubali, usikae tu kusaga mageti. Chora kiungo cha kuchomelea kwa vipimo: unene wa bamba, kipenyo cha elektrodi, ampia alizoweka mjomba, na kwa nini alizipunguza alipofika kwenye bamba jembamba. Mjomba anaijua sababu mkononi, wewe itafute kwenye kitabu na uiandike. Mhadhiri akija kukagua, ukurasa mmoja wa namna hiyo unamtosha kuliko kurasa kumi za "leo tulifanya matengenezo".

PT ya pili au ya tatu ndiyo uombe bandarini, kiwanda cha saruji cha Pongwe, au mitambo ya umeme ya mto Pangani. Hale ni megawati 21, Pangani Falls ni 68, na pale mhandisi wa mitambo anajifunza vitu ambavyo Ngamiani havipo. Barua za huko peleka miezi kadhaa kabla, na nakala yenye muhuri ubaki nayo.

Na mjomba asaini logibuku kila Ijumaa. Usimletee wiki nane zote siku ya mwisho asaini kwa kalamu moja, mratibu anazijua hizo.