Hatuna nyumba ya wazee, tuna dada

Shangazi, shikamoo. Sauti yako nimeisikiliza mara tatu, ile mliyonitumia mkiwa mmekaa barazani baada ya arusi ya Kisauni, mwaulizana ikiwa ni kweli Wazungu huwatupa wazazi wao na mimi huku Perth, Australia, kazi yangu ni kuwaokota. Binamu alicheka pale nyuma, nilimsikia. Basi nijibu, maana miaka sita sasa nimekuwa nikiwaambia nafanya kazi hospitali, na si kweli.

Si hospitali. Ni nyumba ya wazee. Kila mzee ana chumba chake na choo chake, picha zake ukutani, wengine hata kiti walichokuja nacho kutoka kwao. Mimi ni mlezi. Naogesha, nafuta, nabadilisha pampas, nalisha. Ndiyo, na wanaume pia. Siku ya kwanza nilijifungia stoo nikalia. Kisha nikajifunza kwamba ukimfunika mzee mabega kwa taulo kabla ya kumfunua miguu, haya hupungua, yake na yako.

Lakini natamani mngeona ufundi wenyewe. Asiyeweza kusimama hanyanyuliwi kwa mikono. Kuna mashine yenye kitambaa kama machela, na tunaoiendesha ni wawili. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa na watu wa zamu ya usiku kwa kufuata saa, asipate vidonda vya kulalia. Mwenye kupaliwa, maji yake hutiwa unga maalumu yawe mazito, yashuke taratibu. Bibi wa Majengo, Mungu amrehemu, alipaliwa mwaka mzima na sisi tukimwambia, "Kunywa polepole, bibi." Hakuna aliyejua kwamba koo lilikuwa limechoka. Siku niliyofunzwa jambo hili darasani niliomba ruhusa nikatoka nje.

Kuna babu mmoja mwenye maradhi ya kusahau. Kila ikikaribia magharibi husimama mlangoni na koti lake, amngoja mkewe. Mke alikufa zamani. Mwanzo nilimwambia ukweli, akafiwa upya mbele ya macho yangu, na kesho yake vivyo hivyo. Siku hizi namwambia, "Hebu nieleze alivyokuwa." Tukikaa, hueleza mpaka chai ikaja, na koti akalivua mwenyewe.

Sasa upande wa pili, nisije nikaonekana nimelishwa kitu. Hii nchi iliunda tume mwaka 2018 kuchunguza nyumba hizi, na ripoti ya kwanza iliyotoka 2019 ilipewa jina la neno moja: kupuuzwa. Waliona njaa, vidonda, wazee waliotulizwa kwa dawa ili wasisumbue. Ndipo sheria zikakazwa. Tangu Julai 2023 muuguzi aliyesajiliwa lazima awepo saa 24, na tangu Oktoba 2024 kila mzee amewekewa dakika 215 za uangalizi kwa siku, 44 kati ya hizo za muuguzi. Hizo ni hesabu za wastani wa nyumba zote nchini, na zikigawanywa utaona asubuhi yangu ilivyo: mmoja nimemvisha soksi moja, kengele ya mwingine yalia.

Wala si bure. Kwa chakula, kufuliwa na mambo ya kila siku, mzee hutozwa kiasi cha asilimia 85 ya pensheni ya msingi ya mtu asiye na mwenzi. Mwenye mali huongezewa na gharama ya chumba, na wengi huuza nyumba waliyolelea watoto ili kuilipa. Kwa hiyo wanaowaleta huku hawakuwatupa kwa urahisi, shangazi. Wengine huja kila siku, mwana mzima amlisha mamake kijiko kwa kijiko. Wengine huja Krismasi. Na kuna bibi ambaye tangu nianze kazi sijaona mtu akiuliza chumba chake kiko wapi. Huyo mimi humpaka mafuta mikono hata kama dakika zake zimekwisha.

Nikitoka kazini saa tisa mchana, kwenu ni saa nne asubuhi, ndipo nampigia dada. Kila siku namkuta yuko katikati ya kumwogesha mama. Amweka simu juu ya ndoo, nasikia akihema. Mama ana uzito, upande mmoja umepooza, na dada amnyanyua peke yake, kazi ambayo huku ningeifanya bila mwenzangu na mashine ningeitwa ofisini. Aliacha kuuza viazi karai. Mgongo wamuuma. Hana shifti, hana dakika 215. Ana siku nzima na usiku wake.

Sisi hujisifu hatuna nyumba za wazee. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa zake na serikali. Serikali ni Inua Jamii, mpango wake wa kuwatumia wazee pesa, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70. Jamaa ni dada. Na hapo Kilifi kuna wazee waliosingiziwa uchawi wakakimbilia Kaya Godoma kuokoa roho zao, wengine wakiwakimbia watoto wao wa kuwazaa. Mimi mwenyewe natuma pesa mwisho wa mwezi kisha nalala usingizi, na mkono wangu ulio hodari wa kugeuza wagonjwa haujamgeuza mama hata mara moja.

Binamu uliyecheka, umeniandikia faraghani ukiuliza njia. Cheti cha ulezi chataka saa 120 za mazoezi kazini, na ukija kwa viza ya mwanafunzi masomo yakiendelea huruhusiwi kuzidisha saa 48 za kazi kwa wiki mbili. Karo haitoki humo. Shamba la Mtwapa usiliuze kwa neno langu.

Ninalotaka ni hili. Mwanamke wa kumsaidia dada asubuhi nitamlipa mimi, pesa ishatoka. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ya mama, visigino visiguse godoro. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, na usiku pia. Na kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili ni zamu ya kaka zangu wawili, wasiniambie hawajui kuogesha mwanamke; mke wa kaka ataogesha, wao watabeba maji, watanyanyua, watalisha. Dada nimeshamwambia avuke feri akalale Likoni kwa rafiki yake, na simu aizime.