Jibu: Aliyepandikizwa figo akipata korona, aache dawa za kushusha kinga?

Pole na mgonjwa, mkuu. Umesema mama alipandikizwa figo, kipimo cha korona kimeonyesha anayo, majirani wanashauri aache dawa zote "mwili upigane", na umeshapata Paxlovid, vidonge vya kutibu korona. Usimpe kwanza. Soma hapa, kisha piga simu kliniki yake ya figo leo leo.

Dawa zake huenda ni tatu, na haziendi kwa hukumu moja. Prednisoloni haikatwi. Inafanana na homoni ya mwili, na aliyeitumia miezi mingi, tezi zake zimeacha kutengeneza homoni hiyo. Ukikata ghafla akiwa na homa presha inaporomoka, nanyi mtasema ni korona. Akitapika kila anachomeza, anahitaji sindano hospitali. Maikofenoleti (Cellcept) ndiyo madaktari huanza kuipunguza au kuisimamisha, maana inazuia chembe nyeupe za damu kuzaliana. Takrolimasi (Prograf, Pangraf) mara nyingi hubaki, ila kwa kupima kiwango chake kwenye damu. Ukiacha zote, mwili unaigeukia figo, na kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo inashindwa) hupanda bila maumivu yoyote.

Sasa Paxlovid. Ndani yake kuna ritonaviri, ambayo haipo pale kuua kirusi. Kazi yake ni kufunga kimeng'enya cha ini na utumbo ili dawa mwenzake ikae mwilini. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachovunja takrolimasi. Kiwango kilichokuwa 6 kinaweza kuvuka 30 kwa siku chache tu: mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, kichwa kinauma, mkojo unapungua. Wanaolazimika kuitumia husimamisha takrolimasi saa 12 kabla ya dozi ya kwanza, hawaigusi siku zote 5, halafu hupima damu siku ya 6 au 7 ndipo waamue kuirudisha. Kama mji wenu hauna maabara inayopima takrolimasi, mimi nisingeigusa Paxlovid. Remdesiviri ya dripu siku 3 (200 mg, kisha 100 na 100) haina mgongano huo.

Mtego ni ule ule kwenye duka la dawa: erithromaisini na klarithromaisini za "kifua", na flukonazoli ya fangasi, zote hupandisha takrolimasi. Azithromaisini ina nafuu. Homa apewe parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza figo. Nyungu yenyewe haigusi dawa, shida ni vile vikombe vya mitishamba vinavyofuata, na balungi. Akiharisha pia kiwango hupanda, hivyo apimwe.

Na kipimo cha takrolimasi kina kosa lake: mgonjwa anameza dawa asubuhi, ndipo anakwenda maabara. Jibu linatoka juu kwa uongo, dozi inapunguzwa, figo inakataliwa. Damu itolewe zikishapita saa 12 tangu dozi ya jana usiku, vidonge vya asubuhi viwe bado mfukoni.

Kuna aliyeuliza kama kiungo chenyewe kinachopandikizwa kinaweza kubeba kirusi: mapafu, ndiyo. Michigan, Marekani, mwaka 2020, kipimo cha pua cha marehemu aliyetoa mapafu kilikuwa safi. Aliyepandikizwa alipata homa siku ya tatu na kufariki siku ya 61, na daktari mpasuaji aliyeandaa mapafu hayo akaambukizwa. Mwaka 2021 huko ikawa lazima mapafu yapimwe kwa majimaji ya ndani kabisa. Figo ni jambo jingine. Zimechukuliwa kutoka kwa watoaji wenye kirusi bila kuambukiza.

Wanaosubiri figo nao wasidhani kuahirisha ni salama. Mwanzoni mwa 2020 upandikizaji wa viungo vya marehemu Ufaransa ulishuka kwa takriban asilimia 90, na kwetu ndege za kwenda India, ambako wagonjwa hupandikizwa, zilisimama Machi. Lakini mtu wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) hawezi kujifungia ndani: mara tatu kwa wiki anakaa saa nne chumba kimoja na wenzake. Achanje akiwa bado anasubiri, dozi ya mwisho angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Baada ya kupandikizwa chanjo hushika kwa shida. Katika utafiti wa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, wa 2021, dozi mbili ziliwapa kingamwili asilimia 54 tu ya waliopandikizwa.