Ukihariri kurasa za tovuti, anza na vitufe vinavyosogeza kishale

Muulize mtu yeyote anayeandika kwenye kompyuta kama anajua njia za mkato za kibodi. Atakwambia anazijua: Ctrl+C, Ctrl+V, na Ctrl+Z mambo yakiharibika. Hizo kweli ni za zamani. Kukata, kunakili na kubandika kwa mtindo tunaoujua kulianzia kwa Larry Tesler na wenzake pale Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, miaka ya 1970, kisha kompyuta za Apple, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, zikakueneza. Herufi Z, X, C na V zimekaa sako kwa bako chini kushoto mwa kibodi, kwa hiyo mkono wa kushoto unafanya kazi huku wa kulia umeshika kipanya.

Tatizo ni huko kushika kipanya. Mimi riziki yangu ni kuandika na kuhariri maudhui ya tovuti, na nikitazama muda wangu unavyokwenda, kunakili na kubandika ni sehemu ndogo tu. Muda unaliwa na kufika mahali pa kurekebisha: kuacha kibodi, kutafuta kipanya, kulenga katikati ya maneno mawili, kubofya, kukosa kwa herufi moja, kubofya tena, kisha kurudisha vidole mahali pake. Makala moja ina marekebisho kama hayo mengi mno. Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri, simwanzishii orodha ndefu. Namwambia ajifunze kwanza kutembeza kishale, kile kistari kinachopepesa, bila kugusa kipanya.

Kanuni yenyewe ni fupi. Vitufe vya mishale peke yake husogeza kishale herufi moja moja. Ongeza Ctrl, kitaruka neno zima. Ongeza Shift, kila unakopita panachaguliwa. Home hukupeleka mwanzo wa mstari na End mwisho wake. Ctrl+Home na Ctrl+End hukufikisha mwanzo na mwisho wa maandishi yote. Ctrl+Backspace hufuta neno lililo nyuma ya kishale, na Ctrl+Delete lililo mbele. Kwenye Mac, kazi ya kuruka neno na kufuta neno hufanywa na Option, na Command pamoja na mshale wa kushoto au kulia ndiyo Home na End yako.

Tuone kwa vitendo. Umeletewa sentensi hii uipunguze uzito:

"Kwa kweli sisi tunatoa huduma bora sana kwa wateja wetu wote."

Kishale kiko mwisho wa mstari. Bonyeza Home. Ctrl+Delete mara tatu, na "Kwa kweli sisi" imeondoka pamoja na nafasi zake. Delete mara moja kuondoa t ndogo, andika T kubwa. Sasa Ctrl na mshale wa kulia mara mbili: kishale kinapita "huduma" na kutua mwanzoni mwa "bora". Ctrl+Delete mara mbili. Imebaki "Tunatoa huduma kwa wateja wetu wote." Kwa maelezo inaonekana safari ndefu, lakini vidole vikishazoea hukamilisha yote kabla mwenzako hajalenga neno la kwanza kwa kipanya. (Wa Mac mtaona tofauti kidogo: ukienda kulia, kishale hutua mwisho wa neno, si mwanzo wa linalofuata, kwa hiyo nafasi huwa zinahitaji kuangaliwa.)

Ukiyamudu hayo, kinachofuata ni viungo, kwa sababu hakuna kazi inayochosha mhariri wa tovuti kama kuweka viungo kumi kwenye ukurasa mmoja. Mpangilio wangu ni huu. Ukurasa ninaouhariri nauweka kwenye kichupo (tab) cha kwanza kabisa cha kivinjari. Naenda kwenye kichupo chenye ukurasa ninaotaka kuunganisha, nabonyeza Ctrl+L kuchagua anwani yote, Ctrl+C kuinakili, kisha Ctrl+1, ambayo hurudi kichupo cha kwanza hata kama umefungua ishirini. Nachagua maneno yanayobeba kiungo kwa Ctrl+Shift na mshale, halafu nabonyeza Ctrl+V juu yake. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ina kihariri cha vizuizi, yaani kila aya au picha ni kizuizi chake. Kwenye kihariri hicho, kilichokuja na toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, anwani ukiibandika juu ya maneno yaliyochaguliwa haiyafuti. Maneno yenyewe yanageuka kiungo. Pale isipokubali, Ctrl+K hufungua kisanduku cha kuweka kiungo, na njia hiyo inafanya kazi kwenye Google Docs, kwenye Word na hata kwenye barua pepe nyingi. Wa Mac, kila palipo na Ctrl hapo weka Command, isipokuwa kwenye kuchagua maneno, ambako ni Option+Shift na mshale.

Vichwa vidogo nako watu wanapoteza muda bure. Utamwona mtu anaandika mstari, anauchagua, anaukoleza, anaongeza ukubwa wa herufi, kisha anaridhika kwamba hicho ni kichwa. Macho yanadanganyika, lakini ukurasa haudanganyiki. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA hubonyeza H kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na mstari uliokolezwa tu anaupita kama maandishi mengine yoyote. Kwenye WordPress anza aya mpya, andika ## kisha nafasi, tayari ni kichwa cha ngazi ya pili. ### Ni ngazi ya tatu. Kistari na nafasi huanzisha orodha, na alama ya > huanzisha nukuu. Google Docs hutumia Ctrl+Alt pamoja na namba ya ngazi. Hapa njia ya haraka na njia sahihi ni moja, jambo ambalo kwenye kazi hii ni nadra.

Alama ya mkwaju, /, nayo usiisahau: ukiiandika kwenye aya tupu ya WordPress unaletewa orodha ya vizuizi, unaandika herufi chache za jina la unachotaka, kwa mfano picha au jedwali, kisha Enter. Na ukitaka mstari mpya bila kuanzisha aya mpya, kama kwenye anwani ya ofisi, ni Shift+Enter.

Kubandika kuna mtego wake. Maandishi yanayotoka kwa mteja huja yamebeba fonti, rangi na ukubwa wa herufi wa faili lake, na vihariri vingi vinavipokea vyote bila kukuambia. Unachapisha, halafu unafungua ukurasa kwenye simu na kukuta aya mbili zinafanana na za tovuti nyingine kabisa. Ctrl+Shift+V hubandika maneno matupu. Gharama yake ni kwamba viungo na maneno yaliyokolezwa hupotea pia, kwa hiyo yaweke upya ukiwa umefungua faili la awali pembeni. Mimi naona gharama hiyo ni nafuu kuliko kusaka fonti ya kigeni iliyojificha kwenye msimbo.

Kwenye Windows kuna pia kitufe cha Windows pamoja na V. Ukishaiwasha mara ya kwanza, inakumbuka vitu hadi 25 ulivyonakili, hivyo unaweza kukusanya nukuu, majina na anwani kutoka kurasa kadhaa, kisha ukavibandika kimoja kimoja. Ila kumbuka kwamba hata nenosiri ulilonakili linaweza kukaa mle, likisubiri yeyote atakayekalia kiti chako. Lifute.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uchomoe kipanya kabisa ili ujilazimishe. Siuungi mkono. Kukata picha, kupanga safu za ukurasa, kuburuta kizuizi kutoka juu hadi chini, kipanya kinafanya vizuri zaidi, na mtu aliyekasirika na kompyuta yake hajifunzi kitu. Kilichonisaidia ni kijikaratasi kwenye ukingo wa skrini chenye njia tatu tu, zile za kazi ninayoirudia sana wiki hiyo. Vidole vikianza kuzitumia bila mimi kufikiri, nafuta na kuandika nyingine tatu. Njia usiyoihitaji kila siku haitakaa kichwani hata uikariri namna gani.

Jihadhari pia na njia nyingine zilizo jirani na hizi. Ctrl+W hufunga kichupo, na ukiwa unakimbia utaigusa. Ctrl+Shift+T hukirudisha, ingawa maandishi ambayo hayakuhifadhiwa hayarudi nacho kila mara. Kwa hiyo Ctrl+S iwe desturi kila unapomaliza aya. Alt na mshale wa kushoto kwenye kivinjari cha Windows hukurudisha ukurasa wa nyuma, na wanaohamia kutoka Mac huibonyeza wakidhani wanaruka neno. Na kama kibodi yako ina AltGr, kitufe cha Alt cha kulia kinachoandika alama za ziada, baadhi ya njia za Ctrl+Alt zinaweza kuandika alama ya ajabu badala ya kufanya kazi uliyotarajia, kwani Windows huhesabu Ctrl+Alt na AltGr kuwa kitu kimoja.

Ukitaka kujua programu yako ina zipi, WordPress huonyesha orodha yake ukibonyeza Shift+Alt+H, au Control+Option+H kwenye Mac, na Google Docs kwa Ctrl+/. Fungua, chagua tatu za kijikaratasi chako, funga.